Vidole Viwili

Kila Jumanne saa nne asubuhi, mafundi wa kitengo cha mitambo walikaa kuizunguka meza yenye mguu mmoja mfupi, wakabishana jambo lile lile. Mtu akifuta faili kwenye kompyuta kisha akajuta, nani awe na kazi ya kumrudishia? Je, ni kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoishika diski yenyewe? Au ni programu za juu, zile ambazo mtumiaji anaziona na kuzibonyeza? Mjadala huo ulikuwa na umri wa miaka sita. Wapo watoto waliozaliwa umeshaanza, na sasa wanajua kusoma.

Upande wa chini ulikuwa na mtetezi mmoja, jamaa mnene, mpole, waliyemwita Kapu, kwa kuwa ndiye aliyeandika lile kapu la taka ambamo mafaili yaliyofutwa husubiri kabla ya kwenda moja kwa moja. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuliamini. Alisema kapu ni la juu mno, mtu anaweza kulipita pembeni, na kwamba kinga ya kweli lazima iwe kwenye kiini. Upande wa juu ulikuwa na Bi Kiini. Jina hilo alipewa ofisini kwa sababu kiini ndicho alichokilea kwa miaka kumi na mitatu, na alikuwa hataki kukisikia kikibebeshwa mzigo wa mtu mwingine.

"Kiini ni mtumishi," alizoea kusema. "Ukikiambia futa, kinafuta. Siku kikianza kujiuliza kama bwana mkubwa anamaanisha, tumekwisha. Anayetaka kujuta akajute huko juu, kwenye kapu. Ana siku thelathini. Zinamtosha hata mwenye dhambi nyingi."

Watu walicheka, na Bi Kiini akashinda. Kapu akijitutumua tena, Bi Kiini alimpigilia msumari wa mwisho, ule ule kila mara: "Mahakamani wana kompyuta arobaini zenye mfumo wetu. Miaka minne hawajaleta lalamiko hata moja kuhusu kapu. Linatosha."

Jumanne hii hakuupigilia. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu jana yake jioni, pale wifi yake alipomjia nyumbani bila kupiga simu.

Huyo wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, karani wa mahakama, mchapaji wa maelezo ya mashahidi katika chumba namba sita kwa miaka ishirini na miwili. Wazazi wao walipofariki ndiye aliyemlea mdogo wake na kumsomesha, kwa kazi hiyo hiyo ya kuchapa. Katika nyumba ya Bi Kiini, Wifi alikuwa dada, mama na mkwe kwa wakati mmoja, na hata siku moja hakuwahi kuitumia nafasi hiyo kumnyanyasa mtu. Jana jioni aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaomba maji, kisha akayashika tu mkononi.

"Nimerudishwa nyumbani, wifi," alisema.

"Umerudishwa vipi?"

"Kwa barua. Yale maelezo ya mlinzi wa ghala lililoungua yamepotea kwenye mashine yangu. Kurasa kumi na saba. Na printa haina wino tangu wiki iliyopita, kwa hiyo hata nakala ya karatasi hakuna."

Ilikuwa hivi. Mlinzi alizungumza siku mbili, mtu mwoga, akimeza mate kila baada ya neno, na Wifi akachapa. Utaratibu wa chumba namba sita ni kwamba rasimu ikishasafishwa hufutwa siku hiyo hiyo, isije ikachanganywa na nakala halali. Wifi aliifuta rasimu mchana. Jioni, macho yakimwasha kwa uchovu, alisahau kwamba ameshaifuta. Mkono ukaenda wenyewe, ukafuta tena, na safari hii ulifuta nakala safi.

"Sasa wanasema ni makusudi," Wifi alisema. "Eti nimetumwa na upande wa mshtakiwa."

"Kwa lipi? Watu wanafuta vitu kwa bahati mbaya kila siku. Si lingekuwa kapuni?"

Wifi alimtazama kwa muda, kama anayempa nafasi ya kufikiri.

"Halikupita kapuni. Ndiyo hoja yao hiyo. Wanasema mwenye kukosea angefuta kama watu wote wanavyofuta, na faili lingekutwa kapuni. Mimi nimefuta kwa vidole viwili."

"Vidole viwili?"

"Wifi, umesahau? Kitufe cha herufi kubwa na kitufe cha kufutia, unavibana pamoja. Si wewe uliyetufundisha?"

Bi Kiini alikumbuka, na alitamani asingekumbuka. Ilikuwa Ijumaa alasiri, miaka minne iliyopita. Kompyuta za mahakama zilikuwa na diski ndogo, kapu lilijaa kila baada ya siku mbili, na kila lilipojaa mashine iligoma na kuuliza kama limwagwe. Makarani walikuwa wamechoka kuulizwa. Alitumwa yeye akalitengeneze. Kulitengeneza kapu kungemchukua wiki nzima, pamoja na kumweleza Kapu kwamba kazi yake ina kasoro. Kuwafundisha makarani kuliruka kapu kulimchukua dakika kumi kwa kila chumba. Alivipitia vyumba sita, akawahi kurudi nyumbani, na hakumwambia mtu. Ndiyo maana mahakama haikulalamika tena. Hakuna aliyelalamika kuhusu kapu kwa sababu hakuna aliyelitumia.

"Umewaambia?" aliuliza, na akaisikia sauti yake ilivyokuwa na haraka.

"Niwaambie nini? Nimesema nilijifunza mwenyewe. Nikikutaja, watakuandikia na wewe barua, halafu mdogo wangu abaki na wanawake wawili wamekaa nyumbani wanatazamana?" Wifi alicheka kidogo, kicheko cha kujilazimisha. "Wewe ni mtaalamu. Litafute hilo faili. Likipatikana, maneno yote yataisha. Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi ya wiki ijayo."

"Nitalipata," Bi Kiini alisema.

Basi Jumanne, mkuu wa kitengo alipoisoma barua ya mahakama pale mezani, yeye alikuwa ameshaijua. Mahakama iliomba mambo mawili: faili litafutwe, na mtaalamu wa kiini afike mbele ya kamati kueleza kama mtu anaweza kulikwepa kapu kwa bahati mbaya. Bi Kiini alisema karani ni wifi yake. Mkuu akasema hana mtaalamu mwingine, na kwamba Kapu atakwenda naye.

"Si ndiyo haya niliyokuwa nikiyasema?" Kapu alisema, lakini bila furaha. "Ila jambo moja silielewi. Huyu mama alijulia wapi kulipita kapu? Sijaliandika mahali popote."

"Tutajua tukiiona diski," Bi Kiini akajibu. Huo ulikuwa uongo mdogo, na uongo mdogo hauna tabia ya kukaa peke yake.

Siku ya pili alikwenda chumba namba sita kuichukua diski. Makarani watatu walimkaribisha kwa heshima, wakampisha kwenye dawati la Wifi. Alipoinua macho akaiona. Juu ya mashine, ukutani, karatasi iliyopauka ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya utepe, na mwandiko ulikuwa wake: USIJAZE KAPU. FUTA KWA VIDOLE VIWILI. Chini yake alikuwa amechora mkono wenye vidole viwili vilivyonyooshwa na uso unaotabasamu. Siku hiyo alikuwa na haraka, lakini nafasi ya kuchora tabasamu aliipata.

"Hiyo karatasi ilituokoa sana, bibie," alisema karani wa dawati la dirishani. "Kabla yake tulikuwa tunaona cha mtema kuni."

Bi Kiini aliifungua mashine, akazitoa skrubu moja moja, taratibu kuliko ilivyohitajika. Saa saba makarani wakatoka kwenda kula. Alisimama, akaibandua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake. Alijiambia ni karatasi chakavu tu, na kwamba faili likipatikana haitakuwa na kazi tena. Mtu anayejidanganya huwa mwepesi sana wa kujisadiki.

Wakaanza kuchimba, yeye na Kapu, bega kwa bega. Watu wengi hudhani faili likifutwa limekufa. Halifi. Kiini hulifuta jina lake tu na kutangaza kwamba nafasi yake iko wazi, kama chumba cha kupanga ambacho mpangaji amehama akaacha vitu vyake ndani. Vitu vinabaki hadi aje mpangaji mwingine avitupe. Swali ni lini atakuja, na hilo huamuliwa na kiini.

Na hapo ndipo Bi Kiini alipokumbuka kazi ya mikono yake mwenyewe. Zamani, alipokuwa kijana mwenye moto, alikifundisha kiini kiwe kinagawa kwanza nafasi iliyoachwa wazi karibuni zaidi, kwa kuwa sindano inayosoma na kuandika kwenye diski inakuwa bado iko pale pale na haina haja ya kusafiri. Mashine kuukuu zikapata mbio za ajabu. Alipewa cheti, kikatiwa fremu. Ina maana kwamba katika mashine zake, mpangaji akitoka tu, mwingine anaingia kabla kitanda hakijapoa.

Siku ya tatu walipata ukurasa wa kwanza hadi wa nne, mzima. Siku ya nne walipata nusu ya ukurasa wa kumi na moja. Mahali pa ukurasa wa tano palikuwa na maandishi mengine, na Kapu akayasoma kwa sauti akiwa ameinamia skrini.

"'Yah: tuhuma za kuharibu ushahidi kwa makusudi...'" Akanyamaza. "Hii ni nini?"

Ilikuwa barua ya kumsimamisha Wifi. Asubuhi baada ya maelezo kupotea, msimamizi wa makarani alihitaji mashine ya kuandikia, na iliyokuwa haina mtu ni ya Wifi. Akakaa kwenye kiti chake, akachapa mashtaka, akahifadhi, akarekebisha, akahifadhi tena. Kila alipohifadhi, kiini kilimpa kwa utiifu nafasi iliyokuwa wazi karibuni zaidi. Barua ilikaa juu ya ushahidi, ikaufukia ukurasa kwa ukurasa.

Kapu alianza kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Basi tumekosea sote wawili," Bi Kiini alisema. "Urejeshaji ungeuweka chini, ungeuweka juu, nafasi ikishakaliwa imekaliwa. Kiini hakihitaji kujua kurejesha. Kinahitaji kungoja tu. Kiiache nafasi wiki mbili kabla ya kuigawa. Nani arudishiwe nini, hiyo iwe kazi ya juu."

"Miaka sita," Kapu alisema, "na jawabu ni kungoja."

"Hata mistari arobaini haifiki. Ningeweza kuiandika Jumanne yoyote."

Kapu aliegemea kiti, akajifikicha macho. "Lakini bado nauliza. Nani alimfundisha huyu mama kulipita kapu langu?"

Bi Kiini akasema anakwenda kunawa mikono. Alikaa huko msalani hadi mikono ikakauka yenyewe.

Nyumbani nako hakukuwa na pumziko. Mumewe alikuwa akimtembelea dada yake kila jioni na kurudi na habari zinazokata maini. Dada hatoki nje. Dada anafunga madirisha ya mbele, kwa sababu majirani wanamuuliza kama yuko likizo. Dada amekonda.

"Nilimwambia asiwe na wasiwasi," mumewe alisema. "Nimemwambia mke wangu halali, anahangaika na hiyo diski. Wewe ndiye tegemeo lake, mke wangu."

"Bado natafuta," alijibu, ingawa walikuwa wameshaacha kutafuta tangu jana yake. Kurasa nne na nusu ndizo zilizobaki duniani; rasimu nayo ilikuwa imefukiwa na kazi za alasiri ile ile. Alichokuwa akikitafuta sasa ni njia ya kumsafisha Wifi bila kujichafua mwenyewe, na hiyo aliipekua kuliko diski, asiione.

Alhamisi ikafika. Kamati ilikuwa ya watu watatu, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba ambaye alisikiliza akiwa ameshika kalamu lakini bila kuandika. Wifi alikaa upande wa pili, amevaa nguo zake za kazini, zimemlegea mabegani. Kapu alieleza kilichopatikana na kisichopatikana. Kisha mwenyekiti akamgeukia Bi Kiini.

"Wewe ndiye mtaalamu. Nataka jibu fupi. Mtu anaweza kulikwepa hilo kapu kwa bahati mbaya?"

Angeweza kusema inawezekana. Vidole huteleza, vitufe viko karibu, nani angembishia? Lakini vitufe hivyo haviko karibu, na kila mwenye kompyuta mle ndani angeliona hilo akitazama chini. Uongo huo ungedumu hadi mtu wa kwanza mwenye macho, na ukianguka ungemwangukia Wifi. Akamtazama. Wifi alikuwa akitazama sakafu.

"Hapana," alisema. "Hawezi. Lazima awe amefundishwa."

Msimamizi wa makarani akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Na aliyemfundisha ni mimi. Yeye na vyumba vyote sita. Karani yeyote wa mahakama hii hufuta hivyo kila siku, kwa kila faili, kwa sababu niliwaambia wafute hivyo. Huyu hakulikwepa kapu. Hajalitumia kwa miaka minne." Alifungua mkoba, akaikunjua karatasi mezani. Mikunjo ilikuwa imeukata ule uso unaotabasamu. "Mwandiko ni wangu. Ilikuwa ukutani, juu ya mashine yake. Niliibandua mimi nilipokwenda kuchukua diski."

"Uliibandua kwa nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Niliogopa."

Hapo ndipo kalamu ilipoanza kuandika.

Walitolewa nje nusu saa, wakaitwa tena. Karani arudi kazini Jumatatu. Mlinzi aombwe kutoa maelezo upya, Mungu amjalie kumbukumbu. Kuhusu mtaalamu, mkuu wake ataandikiwa, na ofisi yake itaamua.

Kapu alimngoja kwenye ukumbi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Jumanne kwa Jumanne ulinichapa kwa fimbo ya mahakama," alisema. "Nami nikiamini kwamba angalau huko kapu langu linafanya kazi."

"Nisamehe."

"Nitakusikiliza kesho. Leo nimechoka."

Wifi alikuwa nje, kwenye ngazi, akiupisha umati wa watu waliokuwa wakitoka. Bi Kiini alimwendea akiwa hajui amkumbatie au amwombe radhi, na akaishia kusimama tu mbele yake.

"Karatasi uliibandua Jumatano," Wifi alisema. "Yule wa dirishani alinipigia siku hiyo hiyo. Akaniambia, 'Wifi yako amekuja, ameondoka na diski na karatasi yetu.' Alidhani umeichukua ili unitetee nayo."

Bi Kiini akashusha sauti. "Ulijua wakati wote huu?"

"Siku nane. Kila nikimwona mdogo wangu mlangoni nasema leo umemtuma, leo utasema. Yeye ananiambia tu hulali."

"Mbona hukusema? Ungeniambia mimi."

"Nikwambie unitetee? Jambo kama hilo mtu haombwi, wifi." Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyebeba mzigo mbali kisha akaambiwa haukuwa wake. "Nikuulize. Yule mama asingekuuliza swali lile, ungesema?"

Bi Kiini alitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na Wifi angelipokea.

"Sijui," akasema.

"Haya." Wifi aliuweka mkoba wake vizuri begani. "Mdogo wangu hajui habari ya karatasi kubanduliwa. Kwangu mimi hataisikia." Akashuka ngazi, mkono mmoja ukishika ukuta, kwa sababu ya magoti yake yaliyokuwa yakimuuma siku nyingi.

Bi Kiini alitembea hadi nyumbani, mwendo wa saa nzima, na hakukumbuka alivyovuka barabara. Mumewe alimfungulia mlango kabla hajabisha. Uso wake wote ulikuwa mwanga.

"Dada amenipigia!" alisema. "Amerudishwa kazini. Anasema ni wewe, ulisimama mbele yao ukamtetea. Nilijua tu! Nilimwambia, kwa mke wangu huyu hutapotea."

Alimpokea mkoba, akamvutia kiti, akawa anauliza atamtengea nini ale, chai au chakula kabisa. Bi Kiini hakukaa.

"Kaa wewe kwanza," alimwambia. "Hajakwambia yote."

Mumewe akakaa, bado anatabasamu, na Bi Kiini akaanza kumweleza.